Neno la Kasisi: Mzaha Uuao

Masomo: Mithali 26:18-19, 1 Wafalme 21

Ndugu wapendwa katika Kristo,



Kila mwaka tarehe 28 Desemba, siku tatu tu baada ya Krismasi, Kanisa letu huwakumbuka watoto wa Bethlehemu waliouawa kwa amri ya Herode. Siku hiyo wengi wetu tungali tumechoka na sikukuu, na viti vya kanisani huwa vitupu. Lakini siku hiyo haikuwekwa hapo bure. Yatukumbusha kwamba Mwokozi alizaliwa katika dunia ambamo watu wenye silaha hutumwa kwenye nyumba za wasio na hatia.

Siku hiyo hiyo, tarehe 28 Desemba 2017, jambo la kusikitisha lilitukia katika mji wa Wichita, jimbo la Kansas, huko Marekani. Vijana wawili, kila mmoja kwake, walikuwa wakicheza mchezo wa vita wa kompyuta. Wakagombana kwa ajili ya dau lisilofika hata dola 2. Mmoja akamtafuta mtu wa tatu amkomeshe mwenzake. Yule wa pili, kwa kiburi cha ujana, akatoa anwani ya nyumba ambayo jamaa zake waliikaa zamani, akamwambia ajaribu kama anaweza.

Mtu huyo wa tatu alikuwa Los Angeles, karibu kilomita 2,000 kutoka hapo. Akapiga simu Wichita, akajifanya yumo ndani ya nyumba ile. Akasema amempiga baba yake risasi, amewashika mama na ndugu yake, na yu tayari kuitia nyumba moto. Polisi wakaja na bunduki. Ndani ya nyumba walikuwamo watu wengine kabisa, wasiojua habari ya mchezo wala ya dau. Mwanamume wa miaka 28, baba wa watoto wawili, akafungua mlango aone kuna nini. Polisi wakamwamuru ainue mikono. Askari mmoja, ng'ambo ya barabara, alidhani anatafuta silaha, akafyatua risasi. Yule mtu akafa. Hakuwa na silaha yoyote.

Huko Marekani jambo hili lina jina lake, swatting, kutokana na vikosi vya polisi vyenye silaha nzito viitwavyo SWAT. Nalo halikuishia Wichita. Mwaka 2020, katika jimbo la Tennessee, mzee wa miaka 60 alizingirwa nyumbani kwake namna hiyo hiyo, akashikwa na moyo akafa, kwa kuwa vijana walilitaka jina alilolitumia katika mtandao wa Twitter, naye hakukubali kuliacha. Na kijana mmoja wa California alikiri kwamba alipiga simu kama hizo zaidi ya 375, kwa shule, kwa nyumba za ibada na kwa watu binafsi, na nyingine alilipwa. Mwaka 2025 alihukumiwa kifungo cha miaka minne. Alipozianza simu hizo alikuwa na miaka 16.

Sasa fungueni Biblia zenu, Wafalme wa Kwanza, mlango wa 21. Ahabu alilitaka shamba la mizabibu la Nabothi, na Nabothi akakataa kuutoa urithi wa baba zake. Yezebeli hakuchukua upanga. Aliandika barua. Akatia muhuri wa mfalme, akaagiza watu wafunge, akaweka mashahidi wawili wa uongo. Waliorusha mawe walikuwa watu wa mji, na bila shaka wengi wao walidhani wanaitetea heshima ya Mungu. Hapo ndipo ubaya wa uongo wa namna hii ulipo, ndugu zangu. Hauji na mkono wake wenyewe. Huazima mkono wa watu wema. Yezebeli aliazima saumu na sheria. Mtu wa Los Angeles aliazima huruma ya askari waliokimbia wakidhani wanakwenda kumwokoa mama na mwanawe.

Je, Mungu alisema nini? Ahabu hakugusa jiwe. Barua hata hakuiandika yeye. Lakini Eliya alitumwa kumshitaki kwa kuua, kana kwamba mawe yote yalitoka mkononi mwake. Mbele za Mungu umbali hauwi kinga. Uwe hatua kumi au kilomita 2,000, neno lako likiua, umeua wewe. Hata mahakama ya Marekani iliona hivyo. Aliyepiga simu alihukumiwa mwaka 2019 kifungo cha miaka 20, na mmoja wa wale waliogombania dau akapata miezi 15.

Labda mtu atasema, "Lakini walikuwa wakitania." Mithali ya leo imekwisha kumjibu. Humfananisha mtu amdanganyaye jirani yake, kisha akadai ni mzaha, na mwenda wazimu atupaye mienge na mishale. Mshale haujui kwamba aliyeutupa alikuwa akicheka. Wazee wetu nao walisema: mzaha mzaha, hutumbuka usaha.

Najua wengine wanasoma haya na kufikiri, "Kasisi anatuhadithia mambo ya Marekani." Basi tuje kwetu. Sisi hatuhitaji simu. Kwetu neno moja latosha: "Mwizi!" Mtu akililia sokoni au stendi, watu hutoka kila upande na mawe, na wengine na tairi. Anayekimbizwa hana nafasi ya kusema yeye ni nani. Na yule aliyelia wa kwanza, mara nyingi akitafutwa baadaye haonekani.

Wala siwahubirii kama mtu safi. Nilipokuwa kijana, kabla sijaitwa katika kazi hii, nilisikia kilio hicho sokoni, nikakimbia pamoja na wenzangu. Nilikuwa na jiwe mkononi. Tulipomfikia yule mtu amekwisha anguka, mama mmoja muuza mboga akasimama mbele yetu, akauliza kwa sauti kubwa: "Ameiba nini? Na nani aliyeibiwa?" Tukatazamana. Hakuna aliyejua. Yule mtu alikuwa akilikimbilia basi. Jiwe nililitupa chini, lakini mpaka leo nalikumbuka uzito wake.

Mama yule hakusoma chuo cha theolojia, lakini alisema neno la Nikodemo, aliyewauliza wakubwa wenzake kama torati humhukumu mtu kabla hajasikiwa (Yohana 7:51). Askari aliyeambiwa kwamba watu wanauawa hana saa nzima ya kuuliza. Naye apaswa kutazama vema kabla ya kufyatua. Askari wa Wichita hakushitakiwa, lakini mwaka 2023 mji ule ulikubali kuilipa familia dola milioni 5. Fedha hizo hazikumrudisha baba kwa watoto wake. Lakini mimi na wewe, tusikiao kilio njiani au habari mbaya ya jirani katika simu zetu, tunayo nafasi ya kuuliza. Tusipouliza, ni kwa sababu hatukutaka.

Basi nawaomba mambo mawili. Wazazi, waambieni watoto kwamba namba 112 ya polisi na 114 ya Zimamoto si vitu vya kuchezea. Gari la Zimamoto likiitwa mahali pasipo moto, liko mbali na nyumba inayoungua kweli. Na aliyedanganywa mara nyingi, siku ya kilio cha kweli husitasita. Pili, sisi sote, kabla ya kuokota jiwe, liwe la mkono au la ulimi, tuulize swali la yule mama.

Na kama yuko miongoni mwetu ambaye neno lake limekwisha kumdhuru mtu, asikate tamaa, wala asinyamaze. Hata Ahabu alipojinyenyekeza, Mungu alimtazama. Aende kwa aliyemdhuru, aukane uongo wake mbele ya wale wale waliousikia, ndipo aje mezani pa Bwana. Tunayemwendea hapo naye aliuawa kwa mashahidi wa uongo na kelele za umati.

Tuombe: Ee Mungu wa kweli, uzuie midomo yetu isiseme uongo, na mikono yetu isiutumikie. Uwafariji waliofiwa kwa mzaha wa wengine. Utupe moyo wa kuuliza kabla ya kuhukumu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Ni mimi mtumishi wenu katika Bwana,
Kasisi wenu