Sufuria ya Mgonjwa

Wiki hii nilikaribishwa chakula kwa jirani, na tangu nitoke pale roho yangu haijatulia. Jikoni palikuwa na sufuria mbili. Kubwa ilikuwa ya familia, mchuzi wa samaki uliokolea chumvi na vidonge vya viungo. Ndogo ilikuwa ya baba mwenye nyumba, kwa kuwa ana presha. Mwanawe mdogo alichungulia sahani ya baba yake, akakunja uso: "Hicho chakula cha wagonjwa." Mzee akala nusu, akanawa mikono.

Nikisema wote wale sufuria moja yenye chumvi kidogo, najua nitaambiwa: watoto ni wazima, kwa nini waadhibiwe kwa maradhi ya mzazi wao? Lakini presha hutembea katika ukoo, na ulimi hufundishwa utotoni. Chumvi ikizidi huvuta maji kwenye damu, moyo ukalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi, na mishipa ikaumia kimyakimya kwa miaka. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa na ile iliyomo kwenye mkate na ng'onda. Mtoto anahitaji pungufu ya hapo.

Utasema chakula cha hivyo hakiliki. Nani kasema tuiondoe chumvi yote? Tuipunguze kidogo kidogo, ndimu, ukwaju, tangawizi na kitunguu saumu vishike nafasi yake. Ng'onda arowekwe kwanza, maji yamwagwe. Baada ya wiki chache ulimi huzoea.

Na mengine yawe ya nyumba nzima vilevile. Kutembea kwa haraka nusu saa, siku 5 kwa wiki, baba asiachiwe peke yake. Sigara isivutwe ndani. Watu wazima wote wapimwe presha, maana mara nyingi haina dalili. Ikifika 140/90 na kurudia siku nyingine, mtu asingoje kichwa kimuume ndipo aende zahanati. Na aliyeandikiwa dawa asiiache ati anajisikia mzima. Huenda ni hiyo dawa inayompa uzima.

Je, kila familia itakubali? Kila mmoja aulize kwake. Mimi msimamo wangu ni huu: mwenye presha hapikiwi peke yake. Anayempenda mzazi wake na apunguze chumvi ya wote, watoto wakue wakijua hiyo ndiyo ladha ya chakula.