Ni Nani Aliyeota?

Mkristo mmoja wa Kikatiti alimwendea mwalimu wake Jumamosi alfajiri. Akanena, "Usiku nimeota nikimwaga pombe chini ya mti na kuwaomba wazee waliokufa, na moyo wangu ulifurahi. Basi mimi ni nani, yule wa ndotoni au huyu asimamaye mbele yako? Kesho sitakaribia meza ya Bwana."

Tusimcheke. Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, aliyefariki mwaka 430, aliona taabu iyo hiyo. Katika kitabu cha 10 cha Maungamo yake akiri ya kuwa usingizini aliyakubali mambo aliyoyakataa alipokuwa macho, akamwuliza Mungu kama saa ile hakuwa yeye mwenyewe. Naye Paulo alipigana vita hivyo mchana, wala hakuwa amelala!

Mwalimu akamwuliza, "Siku ya ubatizo wako walibatizwa watu wangapi?"

"Mmoja."

"Na ulipoamka leo ulifanyaje?"

"Nalilia."

"Luther atufundisha katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 ya kuwa utu wa kale huzamishwa kila siku kwa toba. Kila siku, ndugu yangu, si mara moja tu. Mezani ameitwa huyo mmoja aliyebatizwa, pamoja na ndoto zake."

Yule mtu akanyamaza kitambo, kisha akauliza kengele ya kesho italia saa ngapi.