Mtoto Afundishwe Kuita Msaada

Wenye kuichunguza dini huuliza: Ikiwa katika Sura Fatiha Mwislamu hukiri kila siku kwamba msaada huombwa kwa Mwenyezi Mungu peke Yake, mtoto atafundishwaje kuwaita wanadamu?

Jibu limo katika habari za Bibi Hajira. Alipobaki jangwani na mwanawe mchanga, Nabii Ismaili (a.s.), maji yaliwaishia. Tegemeo lake lilikuwa kwa Mola wake, wala hakuketi akingojea. Alipanda kilima cha Safa akitazama huenda akaona mtu. Akashuka, akapanda Marwa. Hivyo mara saba. Ndipo Mwenyezi Mungu akawapa Zamzam, na mwendo huo wa mama mwenye kutafuta msaada ukawa sehemu ya Hija mpaka leo. Basi kumwita mwanadamu si shirki. Shirki ni kumdhania huyo kuwa ndiye asili ya uokovu.

Lakini sisi wazazi wa Kibaha na Kisarawe twawafundisha nini watoto wetu? Twawafundisha kunyamaza mbele ya wakubwa, nayo ni adabu njema; ila hatuwaambii ni wakati gani kunyamaza ni hatari. Mama ameanguka, moto umeshika jikoni, au mtu mzima ataka kumtendea mtoto uovu, naye mtoto hunyamaza akiogopa kugombezwa!

Katika vijiji vya Kisarawe vilivyo mbali na lami, mwokozi wa kwanza ni jirani: mtoto atoke nje apige ukunga. Kibaha, kandokando ya barabara ya Morogoro yenye magari mengi, asikimbilie barabarani, bali amwite mtu mzima aliye karibu. Palipo na simu, ajue kwa moyo 112 ya polisi, 114 ya Zimamoto na Uokoaji, na 116 ya kuwasaidia watoto. Ataje kwanza alipo: kijiji au mtaa, na msikiti, shule au duka la jirani. Kisha aseme lililotokea, wala asikate simu mpaka aambiwe. Na ajue kuwa kuita kwa mzaha ni uwongo uwezao kumnyima mwingine uhai.

Nasi tusikiapo ukunga wa mtoto, tuinuke. Kurani Tukufu yahesabu kuokoa nafsi moja kuwa kama kuokoa watu wote. Je, tumfundishe mtoto kuita, kisha akose wa kuitika?

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kuitika. Amin.