Ufa Tuliouziba Mara Tatu

Shangazi alikuwa anafua. Ilikuwa Aprili 2019, masika yalikuwa yamepumzika tangu alfajiri na jua limetoka baada ya siku nne za mvua, kwa hiyo nguo za nyumba nzima zilikuwa nje. Mahali pake pa kufulia palikuwa palepale pa siku zote: uani, juu ya mfuniko wa karo la choo, kwa sababu hapakuwa na matope na kivuli cha mwembe hupafikia mapema. Pembeni aliweka pipa la maji la lita 200, limejaa hadi mdomoni. Alipoinuka kuanika shuka la kwanza alipiga hatua moja tu, mfuniko ukaachia.

Hakuzama. Mikono yake ilidaka ukingo upande wa ukuta wa jiko, akaning'inia pale, nusu ya mwili ndani, nusu nje. Ncha ya nondo iliyokatika ilimchana paja kuanzia juu ya goti. Tulimvuta watu watatu. Pipa lilitangulia shimoni na hatukulitoa tena. Hospitali walimshona nyuzi 19, wakamdunga sindano ya pepopunda, na kwa wiki tatu alikuwa akiamka usiku akishika kingo za kitanda.

Waliokuja kutupa pole, mmoja baada ya mwingine, walitaja methali ileile ya mtu asiyeziba ufa. Iliniuma kuliko walivyodhani. Sisi ufa ule tuliuziba, tena mara tatu, na mara zote tatu mimi ndiye niliyekoroga saruji.

Nyumba yetu iko Ngamiani, Tanga. Karo lilichimbwa mwaka 1994, marehemu baba alipohama kwenye choo cha shimo na kujenga choo cha ndani. Mfuniko wake ulikuwa wa mita 2 kwa 3. Mchanga uliletwa na mkokoteni kutoka pwani kwa kuwa ulikuwa rahisi kuliko wa mtoni. Nondo zililazwa moja kwa moja juu ya mbao, zege likamwagwa, na siku ya pili mafundi walikuwa wameshahamia kazi nyingine. Hakuna aliyebaki kulimwagilia maji. Bomba la kutolea hewa lilikatwa likawa fupi, kisha likazibwa kabisa kwa sababu harufu ilikuwa inaingia jikoni.

Ufa tuliuona kwanza mwaka 2009. Ulikuwa mwembamba kama uzi mweusi, umekatiza mfuniko kutoka upande wa jiko hadi upande wa mwembe. Baba alinituma dukani nikanunue saruji ya kupima, kilo mbili. Nikaikoroga kwenye sufuria kuukuu mpaka ikawa uji, yeye akaipaka kwa mwiko, akaivuta na kuivuta mpaka ikang'aa. Hatukuusugua ule ufa wala hatukuulowesha. Jua la saa saba lilipowaka, niru ile ilikauka kabla haijashika, na jioni ilikuwa imejaa vijinyufa kama ganda la yai lililogongwa. Lakini ufa wenyewe haukuonekana tena, nasi tukahesabu kwamba kazi imekwisha.

Mwaka 2013 ulirudi, na safari hii ulikuja na rangi. Kando yake palikuwa na doa la kahawia, kama mtu aliyemwaga chai ya rangi na kuacha ikauke. Doa lile lilikuwa kutu ya nondo inayosafiri na maji hadi juu. Ndiyo dalili kubwa kuliko zote ambazo zege linaweza kumpa mwenye nyumba. Sisi tuliona uchafu. Tukapiga niru nyekundu mfuniko mzima, ukapendeza, na wageni wakausifu.

Mara ya tatu ndiyo ninayoijutia zaidi. Mwaka 2017 maji ya mvua yalianza kutuama katikati ya mfuniko, maana yake umeanza kubonyea. Fundi mmoja akatushauri tumwage zege jipya la inchi mbili juu ya lile la zamani ili likazwe. Ushauri ule uliingia akilini. Kitu kikionekana dhaifu, unakiongezea unene. Hakuna aliyepiga hesabu. Mita moja ya ujazo ya zege ina uzito wa kilo 2,400 hivi. Inchi mbili, yaani sentimita 5, juu ya mita 2 kwa 3, ni kilo 720. Tulichukua mfuniko ambao nondo zake zilikuwa zinakufa, tukaupandisha mgongoni uzito wa ng'ombe wawili, kisha kila siku ya kufua tukauongezea pipa la kilo 200.

Haya niliyaelewa baada ya ajali, alipokuja mzee mmoja fundi kutoka upande wa Pongwe, kule kwenye kiwanda cha saruji. Nilimwamkia, akaitikia, akamwulizia hali mgonjwa, ndipo akachutama kwenye kipande cha mfuniko kilichobaki na nyundo ndogo mkononi.

"Njoo ugonge, mwanangu," akaniambia. "Kisha usikilize."

Nikagonga ukingoni. Ti, ti, ti: sauti kavu, ya juu, na nyundo inarudi mkononi. Nikasogea sentimita kama 30 kuelekea katikati. Ikatoka sauti nyingine, bu, nzito na fupi, kama mtu anayegonga mlango wa chumba kisicho na vitu. Akanitaka nifumbe macho niendelee. Mtu yeyote aliyewahi kununua chungu sokoni na kukigonga kwa kidole anaijua tofauti hiyo. Kwa macho, sehemu zote mbili zilikuwa zege lilelile la juu, safi, halina ufa.

Kisha tukaingiza mtaimbo, tukakipindua kipande. Sijasahau nilichokiona. Upande wa chini zege lilikuwa jeupe, limelowa, linabanduka kwa kucha kama mkate uliochovywa chai. Nondo zilikuwa zimevimba magamba ya kutu, gamba juu ya gamba kama kitunguu. Mzee alikwangua moja kwa kisu mpaka akafika kwenye chuma kizima, akanionyesha: nondo ya milimita 10 imebaki unene wa msumari. Upande wa juu, ule tuliokuwa tukiuhangaikia kwa miaka minane, ulikuwa mzima.

Alinieleza kwa lugha ya kawaida, na baadaye nilisoma nikakuta kila neno lake ni kweli. Ndani ya karo uchafu ukioza hutoa gesi ile inayonuka kama mayai viza, haidrojeni salfaidi. Gesi hupanda, ikakutana na unyevu uliotanda chini ya mfuniko, na bakteria wanaoishi pale huigeuza kuwa asidi ya salfa, ileile iliyomo kwenye maji makali ya betri. Asidi hiyo hula saruji. Ndiyo sababu karo hutaka bomba la hewa refu, lililo wazi, linalopita juu ya paa. Sisi tuliliziba kwa kuogopa harufu, tukafungia asidi ndani.

Nondo nazo zina habari yake. Zege zima huilinda nondo isipate kutu, lakini chumvi ya bahari huuvunja ulinzi huo, na mchanga wetu ulikuja na chumvi yake kutoka pwani. Kutu huchukua nafasi mara mbili na zaidi ya chuma kilicholiwa. Ikikosa pa kwenda, hulisukuma zege kutoka ndani mpaka lipasuke. Ufa wetu haukuanzia juu. Ulizaliwa kwenye nondo ukapanda, na sisi tulikuwa tukiufunika mdomo kila unapofika.

Sitaki msomaji aondoke hapa akiogopa kila mstari anaouona sakafuni. Nyufa nyingi za baraza na njia za uani ni za kusinyaa tu. Zege lilikauka haraka, likajikunja, likapasuka nywele mbili tatu, na likatulia hapo miaka yote. Namna ya kuzitambua ni rahisi. Chukua penseli, weka alama kwenye ncha zote mbili za ufa, andika na tarehe pembeni. Rudi baada ya miezi mitatu, na tena baada ya masika. Ufa usiovuka alama, usio na doa la kahawia, ambao upande mmoja haujashuka kuliko mwingine, na ukigongwa kandokando unatoa sauti kavu, huo unaweza kuuziba mwenyewe.

Lakini uzibe kwa haki. Uji wa saruji unaopakwa juu hauzibi kitu. Upanue ufa kwa tindo hadi kina cha sentimita 2 hivi, kuta zake zisimame wima badala ya kuteleza kuelekea nje. Sugua kwa brashi ya waya, toa vumbi lote, osha, acha palowe usiku kucha bila kutuama maji. Saruji moja kwa mchanga wa mtoni tatu, maji kidogo tu, kiasi kwamba ukiifinyanga mkononi inashika umbo bila kuchuruzika. Ishindilie kwa nguvu. Halafu ifunike na gunia bichi na ulimwagilie asubuhi na jioni kwa siku 7. Hapa ndipo watu wengi hushindwa, kwa sababu kumwagilia hakuonekani kama kazi. Saruji haiwi ngumu kwa kukauka. Huwa ngumu kwa kuungana na maji, na ikinyimwa maji mapema inabaki vumbi lililoshikana. Wahandisi huipima nguvu ya zege siku ya 28, wala si siku ya pili.

Palipo na doa la kutu kwenye baraza au boriti, kazi ni nyingine. Zege lililolegea litolewe lote, mpaka nyuma ya nondo, kidole kiweze kuizunguka. Nondo isuguliwe hadi ing'ae, na iliyopungua sana ifungwe nondo mpya pembeni yake, ndipo pajazwe. Ukiacha kutu ndani na kupiga lipu juu, utaitwa tena.

Na mfuniko wa karo, wa kisima au wa tanki la chini hauzibwi. Ukionyesha kutu, kubonyea au sauti ya bu, unavunjwa na kumwagwa mwingine. Yule mzee hakubishana na sisi juu ya gharama. Alisema hivyo, akaanza kufunga vifaa vyake, nasi tukamwomba arudi Jumatatu.

Mfuniko mpya una unene wa sentimita 15, nondo za milimita 12 zikipishana kila sentimita 15 pande zote mbili. Hiyo ni kwa karo letu la upana wa mita 2. Lililo pana zaidi linataka hesabu ya mhandisi. Mchanga ulitoka mtoni. Chini ya nondo aliweka vijiwe vya saruji, mafundi wengine huviita biskuti, ili zipate sentimita 4 za zege la kuzifunika. Alichanganya saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, akipima kwa ndoo ileile mwanzo hadi mwisho, na kwa kila mfuko wa kilo 50 hakuruhusu maji yapite lita 25. Vibarua walitaka waongeze ili zege lipite kirahisi kwenye koleo. Akawanyang'anya ndoo ya maji, akakaa nayo mwenyewe. Bomba la hewa sasa linapita paa. Kumwagilia kulikuwa kwangu, na siku zile 7 sikukosa hata moja.

Shangazi amepona, kovu limebaki. Anafulia karibu na bomba, kwenye ardhi, na hakuna aliyemshawishi vinginevyo. Kila Februari, kabla ya masika, nagonga mfuniko ule kona hadi kona, kisha nazunguka kwa majirani wanaoniruhusu nikagonge na ya kwao. Hadi sasa nimekuta miwili inayotoa sauti ya bu. Mmoja umevunjwa na kujengwa upya. Wa pili umezungushiwa kamba, mwenyewe anatafuta fedha.

Nawe msomaji, kama karo lako liko mahali watoto wanapochezea, kaligonge leo kabla giza halijaingia. Na ikitokea mtu ametumbukia, usimfuate shimoni hata akiwa mwanao: gesi ileile inayozaa asidi ya kula zege humwangusha mtu mzima kwa pumzi chache, na wengi wamekufa makaroni baada ya kutelemka kuokoa. Tupa kamba, shusha ngazi, piga kelele watu waje, na waite zimamoto.