Fremu Tatu za Kubuni

Januari 2025, jijini Las Vegas, Jensen Huang wa Nvidia alisema jukwaani kwamba kadi mpya ya michoro, RTX 5070 ya dola 549, itafanya kazi kama RTX 4090, iliyotoka 2022 kwa dola 1,599. Sisi tuliokuwa tukiisubiri tulishangilia. Kisha ubishi ukaanza: kwa kila fremu moja ambayo kadi inaichora yenyewe, akili mnemba wakati huo iliweza kuongeza hadi tatu za kubuni.

Wengi waliziita feki. Neno hilo silikubali upesi. Joka la kwenye gemu halijawahi kuishi popote. Fremu zote ni hesabu, ya kwanza hadi ya nne. Nani basi amedanganywa?

Ila kuna mkono. Nikibonyeza kitufe ili niruke, fremu iliyochorwa ndiyo inayonisikia. Zile tatu zimetungwa kutokana na jirani zake. Hazina habari na kidole changu. Macho yanapata wepesi ambao mkono haupati.

Huang hakuificha akili mnemba, aliitaja palepale. Lakini lile neno “kama” tulilisikia pamoja na bei, na sijui ni wangapi kati yetu tulioendelea kusikiliza.