Kura Ikiwa ya Haki, Je, Mawe Nayo?

Vijana wetu wengi wameiona filamu ya The Hunger Games katika vibanda vya video, mfasiri akipiga kelele kuliko waigizaji wenyewe. Ilitoka mwaka 2012, kutokana na kitabu cha Suzanne Collins cha 2008. Watoto wa miaka 12 hadi 18 wanapigiwa kura, wanapelekwa uwanjani, wanauana hadi abaki mmoja.

Hadithi fupi inayokaribiana nayo ilitolewa zamani, mwaka 1948, na mama wa Marekani, Shirley Jackson. Inaitwa The Lottery. Kijiji cha watu kama 300 hukutana asubuhi ya tarehe 27 Juni. Hakuna askari wala bunduki. Wanachota karatasi katika sanduku jeusi, na atakayepata yenye alama nyeusi hupigwa mawe mpaka afe.

Tessie Hutchinson alifika amechelewa, akatania, watu wakacheka. Familia yake ilipopatikana ndipo akalalamika kwamba mumewe hakupewa muda wa kuchagua karatasi. Akataka hata binti yake aliyeolewa aingizwe kurani, ili hatari igawanyike. Angalieni vizuri, ndugu zangu: hakusema kuua ni vibaya. Alisema kura haikupigwa vizuri.

Katniss wa Collins alifanya kinyume. Jina lililotoka lilikuwa la mdogo wake Primrose, naye akajitoa mahali pake. Tena kura ile ilikuwa imepindwa tangu mwanzo: katika kitabu, mtoto maskini huongeza jina lake sandukuni ili nyumbani wapate nafaka na mafuta. Sisi tuliopanga foleni ya nafaka na mafuta tunaelewa haraka.

Lakini tuseme kura ni safi, kila mtu karatasi moja. Je, mawe yatakuwa ya haki? Mimi nasema hapana. Kura inafaa tukigawana kiwanja au zamu ya maji, maana inazuia upendeleo. Mahali pa kuua inaficha mikono tu, kila mmoja aseme si mimi niliyemchagua. Mabaharia wa Yona kura ilimwangukia mtu wao, na mwenyewe akawaambia wamtupe, lakini kwanza walipiga makasia kwa nguvu wairudishe merikebu pwani.

Bibi Delacroix, aliyeongea na Tessie kirafiki asubuhi ileile, aliokota jiwe la kubebwa kwa mikono miwili. Mtoto mdogo wa Tessie naye akapewa vijiwe. Wengi wetu hatuhitaji kuelezwa jirani wa namna hiyo.

Jackson alieleza baadaye kwamba alipata barua zaidi ya 300 kiangazi kile, na wengine waliuliza kura hizo zinafanyika wapi, waende kutazama. Nimeshangaa sana. Halafu nikakumbuka kibandani, mtoto alipoanguka uwanjani na watu wakashangilia. Nami nilikuwa nimelipa kiingilio kama wao.