Je, Yafaa Kukataa Zawadi?

Katika desturi zetu kukataa zawadi ni jambo zito. Mgeni akikuletea mkungu wa ndizi, hata kama migomba yako mwenyewe yainama kwa uzito, huupokea kwa mikono miwili na kushukuru. Kwa hiyo neno tunalotaka kulipima mwezi huu labda litawaudhi wengine: je, mhitaji ana haki ya kumwambia mfadhili wake, "Kitu hiki hatukihitaji, usikilete"? Twauliza kwa ajili ya dawa, vitanda na mashine za hospitali zinazopakiwa huko Marekani na Ulaya katika makasha makubwa ya chuma yaitwayo makontena, na kuvushwa bahari mpaka kwa watu wenye shida. Ndani ya kasha hilo pengine umo uzima wa mtu; pengine mna takataka.

Watu husema kutoa ni moyo, si utajiri. Twakubali. Lakini methali hiyo yamsifu mtoaji tu, habari za mpokeaji haisemi. Iko nyingine iliyo karibu zaidi na jambo letu: mwomba chumvi huombea chungu chake. Aliyekaa jikoni ndiye ajuaye chungu kimepungukiwa na nini. Jirani akija na kumwaga chumvi bila kuuliza, huenda mchuzi ulikwisha kolea, na watoto watalala njaa mbele ya chungu kilichojaa.

Tusiwavunjie heshima watoaji, maana kazi yao mara nyingi ni njema kweli kweli. Katika hospitali za Marekani, pakiti za vifaa vya kupasulia zikiisha kufunguliwa kwa ajili ya mgonjwa mmoja, vile visivyotumika haviruhusiwi kupewa mgonjwa mwingine. Hutupwa, ingawa ni vizima. Madaktari wa Yale waliona uchungu juu ya upotevu huo, na katika mwaka 1991 wakaanzisha kazi iliyoitwa REMEDY, ya kuviokota vifaa hivyo na kuvipeleka nchi zenye uhaba. Mpaka leo wako watu wengi wanaochambua glovu, nyuzi na bandeji bila mshahara. Nani awezaye kuwacheka?

Walakini sikilizeni yaliyotokea Armenia. Tarehe 7 Desemba 1988 nchi ile ilipigwa na tetemeko kubwa la ardhi, na mataifa yakaihurumia, yakapeleka dawa na vifaa kiasi cha tani 5,000. Ikawapasa watu 50 kufanya kazi miezi sita ili wajue tu walicholetewa ni nini. Katika kila mia, 8 zilikuwa zimekwisha pitwa na muda wake zilipofika, na 4 ziliharibiwa na baridi. Katika zile zilizosalia, 30 tu kwa mia zilitambulikana kwa urahisi. Hebu fikirini: nje wako majeruhi, na ndani ya ghala wako watu wenye elimu ya dawa wakisoma vibandiko vya lugha wasizozijua, mwezi baada ya mwezi.

Bosnia ilipatwa na mabaya zaidi. Katika miaka ya vita, tangu 1992 hata 1996, wachunguzi walikadiria kwamba tani 17,000 za dawa zilizoletwa hazikufaa. Na gharama ya kuziteketeza kwa usalama ilikadiriwa kuwa dola milioni 34. Nchi iliyobomolewa ikaachiwa mzigo wa kusafisha sadaka za wengine! Hapo ndipo tunaposhindwa kusema kwamba nia njema yatosha. Tena si kila nia ilikuwa njema, kwa sababu kuteketeza dawa mbovu Ulaya ni ghali, na mwenye ghala aliyeipakia melini alijiondolea mzigo huku akiitwa mfadhili. Hata baada ya mawimbi makuu ya tarehe 26 Desemba 2004, huko Aceh katika Indonesia, dawa zipatazo tani 4,000 zililetwa, na nyingi katika hizo zilikuwa na maandishi ambayo wauguzi wa pale hawakuweza kuyasoma.

Lakini yuko mtu atakayetujibu, na jibu lake lina nguvu. Atasema: "Ninyi mwasema hivyo kwa kuwa mmeshiba. Mama anayetokwa na damu usiku haulizi glovu imetoka wapi. Heri kidogo kuliko hapana kabisa." Neno hili hatuwezi kulipuuza. Kitanda kikuukuu ni kitanda. Shuka iliyofuliwa ni shuka. Asiye nacho akipewa, amepona baridi. Hapo tusiwe na kiburi. Dawa si shuka. Aliyepewa shuka mbovu aona tundu lake kwa macho, ila aliyepewa kidonge kibovu haoni kitu. Humeza kwa imani. Na mashine nayo si kitanda. Umeme wa Marekani ni wa volti 120, wa kwetu ni volti 230. Twaijua hospitali moja ambamo mashine nzuri ya kuchemshia vyombo iliunguzwa siku ile ile ya kwanza, ikawa rafu ya kuwekea madaftari. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2011, wa vifaa vya hospitali katika nchi maskini mbalimbali, ulionyesha kwamba karibu 40 katika kila mia vilikuwa havifanyi kazi, kwa kukosa fundi, vipuri au mafunzo.

Yule Msamaria wa mfano hakumfunga majeruhi jeraha na kwenda zake. Alimwachia mwenye nyumba ya wageni fedha, akaahidi kulipa kitakachozidi. Alijua kwamba wema una gharama za kesho. Kasha likiisha kufika bandarini lina ushuru, vibali na lori, na kila siku linapokawia hesabu yaongezeka. Ni nani atakayelipa?

Shirika la Afya Duniani lilitoa miongozo ya zawadi za dawa mwaka 1996, likairekebisha mwaka 1999 na tena 2010. Kiini chake ni hiki: dawa isiyokubalika nyumbani kwa mtoaji isipelekwe kwa mwingine, nayo ifikapo iwe imebakiwa na mwaka mmoja angalau. Lakini hospitali yaweza kupokea yenye muda mfupi zaidi, iwapo mganga wa pale amejulishwa na kukubali, na akiba ile itatumika kabla ya siku yake. Twaipenda sana ruhusa hiyo. Yaonyesha kwamba ubaya hasa ni kuamuliwa na mtu wa mbali usiyeulizwa naye. Tazameni dawa ya usubi, Mectizan: kampuni ya Merck iliahidi mwaka 1987 kuitoa bure kadiri itakavyohitajika, na kwa muda wote utakaohitajika. Ugonjwa ulijulikana, na dawa ilikuwa ya ugonjwa ule ule.

Sasa twageukia upande wetu, maana hapa lawama haiwaangukii wazungu peke yao. Kasha likifunguliwa na kukutwa viatu vya kisigino kirefu na dawa zilizokwisha, sisi twafanya nini? Twapiga picha, twaimba, twaandika barua ya shukrani. Twaogopa kwamba tukisema kweli, mwakani hatutaletewa kitu. Wengine huita jambo hili adabu. Sisi twaliita uongo, tena uongo wenye madhara, kwa sababu mtoaji akiisha kushukuriwa kwa kitu kibovu atakileta tena kwa furaha, na fedha alizolipia meli zingeweza kununua dawa hapa hapa nchini. Kumwambia rafiki kweli ni kumheshimu kuliko kumchekea. Twaweza kushukuru kwa upendo na kukataa mzigo katika barua moja, nasi hatutakuwa tumevunja desturi ya baba zetu, hata bibi zetu walijua kumwambia jirani, "Asante mwanangu, leo tunazo, mpelekee fulani."

Kwa hiyo, enyi makatekista mnaoandikia sharika rafiki za ng'ambo, msiandike "tunahitaji chochote." Mwulizeni kwanza mganga na mtunza stoo, mwandike jina la dawa, kiasi, na aina ya umeme, na ni nani atakayelipa bandarini. Na zile dawa zilizokwisha muda, zilizolala kabatini tangu kasha la mwisho, zisizikwe karibu na kisima wala kuchomwa uani, bali mganga mkuu wa wilaya apewe orodha yake, aonyeshe njia ya kuziteketeza.